Kicheko Kinapokatika

Kijana wa Kinyambo kutoka Kaisho au Nyaishozi akifika Dar es Salaam huwa Mhaya hapohapo. Akitaja Kagera tu, aliyemuuliza keshacheka: "Kumbe nshomile!" Neno hilo la Kihaya, lenye maana ya nimesoma, nchi nzima imelifanya jina la watu wa mkoa ule, na nyuma yake limebeba msururu wa vichekesho. Mhaya ukimuuliza saa, atakueleza kwanza saa yenyewe aliinunua nchi gani. Mhaya akiugua, huugua kwa Kiingereza. Kijana wetu anacheka pamoja na wenzake, ingawa kwao hakuna aliyewahi kupanda ndege, na Kihaya anakielewa kwa sababu tu Kinyambo ni ndugu yake wa karibu. Anacheka kwa kuwa anajua pa kuchekea.

Chanzo cha utani huo kinajulikana. Wamisionari wa White Fathers waliweka kituo Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Baadaye kahawa ikaleta fedha, fedha ikalipa ada za shule, na kufikia uhuru eneo la Bukoba lilikuwa na wasomi wengi kuliko sehemu nyingi za Tanganyika. Upande wa magharibi, Karagwe, shule zilichelewa. Kwa hiyo kijana wa Kaisho anataniwa kwa mafanikio ya jirani yake, na bado anacheka. Je, kicheko chake kinatuambia anaamini kwamba watu wa Kagera wanajivuna? Au kinatuambia kitu kingine?

Wanafalsafa wameligombania swali hili. Mwaka 1987 Ronald de Sousa alishika msimamo mkali: vipo vichekesho ambavyo mtu hawezi kuvicheka kama hashiriki mtazamo uliojificha ndani yake. Unaweza kujitia kuamini kwa muda ili uifuate hadithi, lakini huwezi kujitia kuchekeshwa. Ukicheka, tayari ni wako. Ted Cohen, katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1999 kuhusu vichekesho, aliona vinginevyo: kichekesho kinamtaka msikilizaji ajue, wala hakimlazimishi aamini. Ili umcheke yule Mchaga wa kwenye utani, anayefufuka akisikia sarafu imeanguka sakafuni, inatosha kujua kwamba watu husema Wachaga wanapenda fedha. Ili umcheke Mpare anayeuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kumshitaki aliyemwibia kuku, inatosha kujua sifa ya Wapare ya kupenda kesi. Wapare wenyewe husimulia kichekesho hicho vizuri kuliko wote.

Kwa mifano hiyo miepesi Cohen anashinda. Lakini ukikaa na watu wa Karagwe na Kyerwa, ukawasikiliza kilabuni, stendi, harusini na msibani, unaona kwamba ushindi wake una mpaka. Nionavyo mimi, kicheko hakisemi mtu mmoja anaamini nini. Kinasema anadhani wenzake wote wanajua nini. Imani yenyewe, ile ambayo mtu yuko tayari kuilipia kwa mali au kwa udugu, huonekana pale kicheko kinapokatika. Wilaya hizi mbili (zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipopata wilaya yake mwaka 2012) zinafaa kwa kulipima jambo hili, maana kumbukumbu za watu kuchekana huko zina zaidi ya miaka 160.

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, waliingia Bweranyange, makao ya Mukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe. Njia waliyopita ilikuwa ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka Tabora kwenda Buganda. Kituo chao kilikuwa Kafuro, jirani na ikulu. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1863 Speke anaeleza alivyoona wake wa wakubwa wa Karagwe walivyoneneshwa kwa maziwa hadi wakashindwa kusimama. Alimwendea mmoja, mke wa kaka yake mfalme, akaomba ampime. Ili mama yule akubali, Speke alimwahidi kumwonesha naye ngozi yake ya kigeni. Speke akafunua mikono na miguu, mama akatazama, kisha utepe ukazungushwa: mkono, kifua, paja, shavu la mguu. Pembeni alikaa binti wa miaka kumi na sita akinywa maziwa kwenye chungu, baba yake ameshika fimbo ya kumhimiza amalize.

Ukurasa ule ulichekesha Ulaya kwa miaka mingi, na hadi leo hunukuliwa kama kioja. Tuutazame kwa makini. Msomaji wa London alicheka kwa sababu alidhani kila mtu anajua kwamba unene kiasi kile ni kichekesho. Karagwe unene huo ulikuwa hesabu ya ng'ombe: mwanamke aliyekaa akinywa maziwa tu alikuwa tangazo kwamba nyumba ina maziwa ya kutosha na mikono mingine ya kulima. Kwa upande wao, kioja kilikuwa ngozi ya Speke, na mama yule hakukubali kupimwa bure. Pande mbili zilichungulia na kustaajabu, kila moja kwa sababu yake, na hakuna aliyeumia. Hapo Cohen angetikisa kichwa kukubali.

Lakini Speke huyohuyo anasimulia jambo jingine ambalo halikuwa la kuchekea hata kidogo. Wafugaji wa Kihima walikataa kumuuzia maziwa. Sababu: yeye na watu wake walikula kuku, na walikula maharage. Mtu aliyekula vitu hivyo akinywa maziwa, ng'ombe wangedhurika. Wafugaji wale hawakulegea, mpaka mfalme mwenyewe alipoingilia kati. Mwili wa shemeji wa mfalme ulipimwa kwa utepe, watu wakatazama. Maziwa hayakuguswa. Ukitaka kujua Wahima wa Karagwe waliamini nini mwaka 1861, usianze na kilichowachekesha. Anza na yale maziwa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa habari za ufalme. Rumanyika alimsimulia Speke jinsi maiti ya baba yake Ndagara ilivyoshonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe na kuachwa ikielea ziwani kwa siku tatu, jinsi funza watatu walivyotolewa humo na kupelekwa ikulu, mmoja akawa simba, wa pili chui, wa tatu fimbo. Alisimulia pia mtihani wa ngoma: ngoma ndogo iliyowekwa mbele ya watoto wa mfalme waliogombea kiti, nzito kwa dawa kiasi kwamba ndugu zake hawakuweza kuisogeza, yeye akaiinua kwa kidole kidogo. Rumanyika alizieleza kama habari za nyumbani kwake. Mfalme aliyeweza kukaa na mgeni akizungumza hili na lile hadi usiku, alipofika kwenye ngoma alikuwa anazungumzia haki yake ya kutawala, na ndugu yake aliyekataa kuikubali haki hiyo alikuwa bado anampiga vita. Mahali pale utani ungekuwa uasi.

Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 juu ya mahusiano ya utani, akiyaeleza kama hali ambayo mtu anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumtania mwenzake, naye mwenzake hapaswi kukasirika. Mwaka uliofuata R. E. Moreau alianza kuchapisha habari za utani wa Tanganyika: makabila yaliyokutana kwenye njia za misafara au vitani yakageuka watani, wakawa wanazuia jeneza njiani mpaka walipwe, wanavaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya wafiwa. Utani wa aina hiyo ni mali ya Wazaramo, Waluguru, Wanyamwezi, Wasukuma. Karagwe na Kyerwa mzaha mzito unakaa zaidi ndani ya ukoo. Babu humwita mjukuu wa kike mke wake na kumtishia kumpa talaka kwa kuchelewa kumletea maji, na mjukuu humjibu kwamba mume asiye na meno hamtaki. Wote hucheka, mama wa mtoto naye hucheka jikoni.

Mwondoe babu, mweke mkwe. Kicheko kinakufa papo hapo. Mwanamume aliyekuwa akiwachekesha watu kilabuni akimwona mama mkwe anakuja njiani, hubadilika sauti, hutazama chini, hupisha. Radcliffe-Brown aliona kwamba utani na adabu ya kuogopana vinafanya kazi moja: vyote viwili hulinda uhusiano ambao ungeweza kupasuka. Nakubaliana naye, ila naongeza kwamba havilindi kwa bei sawa. Babu akikosea utani, mjukuu hununa hadi jioni. Mkwe akikosewa, ng'ombe wa mahari huanza kuhesabiwa upya. Watu huweka kicheko mahali ambapo kosa ni rahisi kusamehewa, kwa hiyo ramani ya vicheko ya kijiji ni ramani ya madeni pia, ya nani anamdai nani na kitu gani hakiwezi kulipwa.

Chukua rubisi. Pombe hii ya ndizi na mtama hunywewa kibuyuni kwa mrija, na mwenyeji huonja kwanza mbele ya wageni wake. Uamsho wa kilokole ulioanzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930, ulivuka mpaka ukaingia Kagera, na tangu wakati huo mlokole amekuwa kichekesho cha kilabuni: anayekemea kibuyu mchana na kukitafuta usiku. Kwa juu ni utani juu ya unafiki. Chini yake kuna jambo ambalo wanywaji hawasemi kwa sababu wote wanalijua: mtu anayekataa kunywa nawe amekataa kukuamini. Kuonja kwa mwenyeji si mapambo, ni kuthibitisha kwamba hakuna sumu. Mlokole, kwa kujitenga na kibuyu, amejitoa katika utaratibu ambao majirani wanautumia kuhakikishiana usalama, na hilo linawasumbua kuliko mahubiri yake. Hakuna anayetania juu ya sumu yenyewe mtu akiwa ameugua ghafla baada ya kunywa.

Au chukua kahawa. Mkulima aliyebanwa na ada au ugonjwa huuza kahawa yake ingali ua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye fedha mkononi. Hiyo ndiyo butura, na serikali imeipiga marufuku mara nyingi bila kuimaliza, kama ilivyoshindwa kumaliza kahawa inayovuka usiku kwenda Uganda upande wa Murongo. Mwenye kuuza butura hutaniwa waziwazi: amekunywa kahawa ambayo haijaiva, mke wake atavuna majani. Hutaniwa hivyo na watu ambao nao waliuza mwaka jana, na wengine watauza mwaka huu. Utani huu unaniambia kwamba butura haihesabiwi kuwa dhambi, ila bahati mbaya iliyochanganyika na upungufu wa akili, na kwamba kila nyumba inajua iko hatua moja kutoka huko.

Lakini mtu huyohuyo akiuza kibanja, hakuna wa kumtania. Kibanja cha migomba kina makaburi ya ukoo. Anayekiuza kwa mgeni huitiwa kikao, na maneno ya kikao hayana vichekesho. Kagera ndiko ilikotoka kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoamuliwa na Jaji Mwalusanya katika Mahakama Kuu ya Mwanza mwaka 1990. Mwanamke aliyerithi ardhi ya baba yake aliiuza kwa mtu wa nje ya ukoo, na mpwa wake akadai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo lakini hana haki ya kuiuza. Jaji alitamka kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Uamuzi ule ni miongoni mwa hukumu muhimu sana za haki za wanawake katika nchi hii, na watu wa Kagera waliupokea kwa hasira, kwa furaha au kwa wasiwasi, kila mmoja kwa nafasi yake. Vichekesho juu ya wanawake wa Kagera viko vingi mno, tangu enzi za ukoloni wakati baadhi yao walipokwenda Nairobi na Kampala kujitafutia maisha na kurudi na fedha za kujenga nyumba. Watu wamewacheka wanawake hao kwa vizazi vitatu. Siku mwanamke mmoja wa Kagera alipouza shamba kicheko kiliisha, jambo likaenda mahakamani.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyonifanya nisadiki kwamba tunayasoma mambo haya kinyume. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kabla haujapata jina la hospitali, ugonjwa ulikuwa na jina la mtaani: Juliana, kutokana na kitambaa cha fasheni kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Msichana aliyevaa Juliana alijulikana alikoitoa, na alipokonda watu walisema amevaa Juliana. Wakati huohuo ng'ambo ya mpaka, Kasensero katika wilaya ya Rakai, watu walieleza vifo hivyohivyo kwa namna nyingine: wafanyabiashara wa Kitanzania waliodhulumiwa mali zao wamewaroga waliowadhulumu. Kila upande uliuweka ugonjwa kwenye mzigo wa jirani. Jina la kuchekesha la upande wetu na uchawi wa upande wao vilibeba imani moja, kwamba kifo kimekuja kwa njia ya biashara isiyo halali na anayekufa ana deni.

Ikaja tafsiri ya mtaani ya herufi za AIDS, iliyoenea Tanzania nzima: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Wataalamu wa afya waliisikia wakakata tamaa, wakaandika kwamba watu wamekubali kufa. Sidhani. Isikilize tena, utazame nani anaongea. Ni mwanamume. Anajua ugonjwa unaua, kwa hiyo elimu imefika. Anachodai kukiamini ni kwamba tamaa ya mwanamume haina breki, na kwamba kuikubali hatari ni ushujaa. Dogodogo mwenyewe hana sauti katika sentensi ile. Yeye ni kitu kisichoachwa. Swali la nani atamwua nani limeondolewa kabisa, ingawa mara nyingi mwenye miaka mingi ya safari ndiye aliyebeba virusi na binti ndiye aliyevipokea. Hiyo ndiyo imani iliyofichwa na kicheko, na ilifichika vizuri kwa sababu wote waliocheka, pamoja na waliokemea, walikuwa wanatazama neno kufa.

Kisha nenda msibani. Mwaka 1987, watu wazima waliopimwa mjini Bukoba, karibu mmoja katika kila wanne alikutwa na virusi. Karagwe hali haikuwa mbaya kiasi hicho, lakini kila ukoo ulizika. Msibani Juliana haikutajwa. Ilisemwa marehemu aliugua muda mrefu, au ilikuwa malaria, au kifua. Watu waliotoka kilabuni wakiimba Acha Iniue walikaa kimya kwenye majani ya migomba, wakatazama watoto walioachwa wakigawanywa kati ya bibi na mashangazi. Ukimya ule ulikuwa na imani tatu nne ndani yake: kwamba kulitaja ni kuwahukumu walio hai, kwamba mjane akitajwa atafukuzwa kibanjani, kwamba marehemu bado ni mtu wa nyumba hii. Mtafiti aliyerekodi vichekesho tu angerudi Dar es Salaam na taarifa kwamba watu wa Kagera hawaogopi kifo.

Wapo watakaosema kicheko chenyewe, bila maneno, ni ushahidi wa hisia. Kagera hiyohiyo inawajibu. Januari 30, 1962, katika shule ya wasichana ya bweni ya Kashasha, wilaya ya Muleba ya sasa, wasichana watatu walishikwa na kicheko. Wanafunzi 95 kati ya 159 wakafuatia, shule ikafungwa Machi, kicheko kikaenda hadi kijiji cha Nshamba kikashika watu 217. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka 1963, hawakukuta furaha yoyote: wagonjwa walicheka, wakalia, wakakimbia kwa hofu. Baadhi ya wanakijiji walidhani hewa imetiwa sumu na majaribio ya mabomu ya atomiki. Miili ile iliyotikisika haikusema kitu kuhusu imani ya wasichana. Maelezo ya majirani ndiyo yaliyosema.

Na ipo dola inayodhani inaweza kusoma imani kwenye meno. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa Dar es Salaam baada ya kusambaza video akiangua kicheko juu ya picha ya zamani ya Rais Magufuli aliyevaa suti kubwa kuliko mwili wake. Hakusema neno la kumtukana. Alicheka tu. Baadaye alifikishwa mahakamani kwa mashitaka ya laini ya simu. Polisi walikuwa wafuasi wa de Sousa bila kumsoma: aliyecheka ameshaamini.

Utani wa mpakani una uzito wa peke yake. Mto Kagera unazitenga Karagwe na Kyerwa na Rwanda, na watu wamekuwa wakiuvuka kabla haujawa mpaka wa nchi yoyote. Wakimbizi wa Kinyarwanda walifika tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Mwaka 1980 Tanzania iliamua kuwapa uraia maelfu yao, na wengine hawakukamilisha karatasi. Wakaja vibarua wa mashamba, wafugaji wenye ng'ombe wao, wake walioolewa, kisha wimbi la 1994 na makambi yake. Katika hali hiyo kuitana Mnyarwanda ni utani wa kila siku. Aliye mrefu ataambiwa arudi kwao ng'ambo. Msiri ataambiwa ana siri za ng'ambo. Mwenye ng'ombe wengi ataulizwa wameogelea usiku gani. Aliyetaniwa hujibu kwa kumkumbusha mtani wake kwamba bibi yake naye aliletwa na mtumbwi, na mara nyingi ni kweli. Utani wa namna hiyo una afya kwa sababu una jibu, na kila mmoja ana bibi.

Julai 2013, akiwa ziarani Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji wasio na kibali wiki mbili kuondoka. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walivushwa, wengine wakiwa wameishi nchini miongo mingi, wameoa na kuzaa, ng'ombe wao wamebaki nyuma. Yalitolewa malalamiko kwamba raia nao walisombwa. Maneno yaliyotumika kumtambulisha mtu wa kuondolewa yalikuwa yaleyale ya kilabuni: urefu wake, pua yake, usiri wake, ng'ombe wake, lafudhi yake. Askari kutoka mkoa wa mbali hakujua nani ni nani kijijini, alihitaji kuambiwa. Jana neno lilikuwa la kucheka, leo ni la kumwonesha mtu kidole. Mwenye ugomvi na jirani juu ya malisho alikuwa na silaha ambayo hakuinunua.

Hapa hoja ya Cohen inanishinda kuibeba. Ni kweli walioitana Wanyarwanda kwa miaka hamsini walijua tu kwamba watu husema hivyo. Wengi hawakuamini kwamba jirani yao si mwenzao, na wapo waliowaficha majirani usiku kwa hatari yao wenyewe. Lakini ujuzi wa pamoja unakaa kama akiba. Mwaka 2004 wanasaikolojia Thomas Ford na Mark Ferguson walieleza kwamba utani wa kudharau kundi haumfanyi mtu mwema awe mbaguzi. Kazi yake ni kumwonesha aliye mbaguzi tayari kwamba hapa hatakemewa. Naona ndicho kilichotokea mpakani. Vichekesho havikuwatengeneza watoa majina, viliwatengenezea majina. Serikali ilipofika na lori, orodha ya alama ilikuwa tayari vinywani, imezoeleka kwa kuchekwa.

Na kicheko kilikatika. Wiki zile, kwa wenye asili ya ng'ambo, utani ukawa kitu cha kutisha, na waliozoea kuutoa wakaumeza. Waliorudi baadaye, maana wengi walirudi, walirudi kwenye vijiji ambavyo babu huyu na jirani yule walikuwa wamesema neno kwa askari, na neno lilelile lilikuwa la kuwatania miaka yote. Baadhi ya urafiki haukupona. Siku hizi kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeingia katika utani wa vijiwe vya Nkwenda na Isingiro: anayechelewa kulipia chai huulizwa kama anacho, na katika wilaya za mpakani ambako mwombaji huulizwa maswali mengi zaidi ya asili yake, swali hilo halina uzito mmoja kwa wote walioketi.

Kinyambo kimepata msamiati na sarufi kwa juhudi za Josephat Rugemalira, na hadithi za Wahaya zilikusanywa na Peter Seitel. Natamani sana apatikane kijana wa Karagwe au Kyerwa atakayekusanya vichekesho vya kwao kwa uangalifu uleule, wazee wanaovijua wangali hai. Akifanya hivyo, asiandike tu nani alisema nini na watu walicheka kiasi gani. Aandike pia nani alikuwepo akanyamaza, nani alijibu na nani hakuweza kujibu, na mazungumzo yalipohamia kwenye ardhi, mkwe, sumu au karatasi za uraia, nani alikuwa wa kwanza kuacha kucheka.